Sabuni ya mawese, mafuta ya mise na nta ya Tabora: kipi kinafaa ngozi, msitu na ziwa

Anayetafuta vipodozi visivyoumiza ngozi wala mazingira hapa Kigoma hana haja ya kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Viko kwenye meza za soko la Mwanga, Ujiji na Kibirizi, vimefungwa kwa karatasi au havijafungwa kabisa: miche ya sabuni ya mawese, chupa za mafuta ya mise (yaani ya kokwa la ndani la chikichi), makopo ya mafuta mgando yaliyotengenezwa kwa nta kutoka Tabora. Shida ni kwamba meza moja inaweza kuwa na mche mzuri kuliko sabuni nyingi za dukani, na kando yake, hata shubiri moja haifiki, mche utakaokubabua uso. Vyote viwili vimeandikwa "asili".

Hukumu tunaiweka mapema. Mche wa rangi ya chungwa uliochanganya mawese na mise kidogo, ukakaushwa wiki sita, ndio ununuzi bora kuliko vyote tutakavyovitaja. Mche wa mise tupu ni mzuri kwa nguo na vyombo, haufai uso. Mafuta ya mise ni mazuri kwa ngozi kavu, lakini mwenye mba asiyaache kichwani. Mafuta mgando ya nta ni mazuri sana ikiwa nta ni nta kweli. Krimu za kung'arisha ngozi zisizo na orodha ya viungo hazifai kwa bei yoyote, na sababu haiishii kwenye ngozi ya anayezipaka.

Sabuni

Mche mzuri wa mawese una rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Rangi hiyo inatokana na karotini iliyomo kwenye mawese yenyewe. Ukiukata kwa kisu unakatika kama muhogo uliochemshwa ukapoa: laini, bila kumeguka, bila vishimo vyenye maji ndani. Unga mweupe mwembamba juu ya mche usikutishe. Huo ni magadi yaliyokutana na hewa siku za mwanzo, yanafutika kwa kitambaa chenye maji. Kinachotisha ni mishipa myeupe ndani ya mche, au tone la maji linalotoka pale kisu kilipopita. Hayo ni magadi makali ambayo hayakupata mafuta ya kuungana nayo, na hapo ndipo ngozi inapoungua.

Chanzo chake karibu kila mara ni kipimo. Watengenezaji wengi hupima kostiki soda, yaani hayo magadi makali, kwa kikombe, na kikombe cha soda ya vipande bapa hakina uzito sawa na kikombe cha soda ya punje. Mchanganyiko tunaoupendekeza kwa kilo moja ya mafuta ni huu: mawese gramu 600, mise gramu 250, alizeti gramu 150. Mafuta hayo yote yakigeuka sabuni yanahitaji kostiki soda gramu 149 na nusu hivi. Mtengenezaji makini anaweka gramu 140 tu, kwenye maji gramu 290, ili kama asilimia 6 ya mafuta ibaki bila kugeuka na kulainisha ngozi. Akikosea kikombe akaweka gramu 160, kuna zaidi ya gramu 10 za magadi makali ambazo hazina pa kwenda. Hata mche ukae mwaka, gramu hizo hazitapata mafuta ya kuungana nayo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Muulize, "Mama, soda mnapima kwa mizani au kwa kikombe?" Akijibu kwa mizani, na akataja gramu bila kufikiri sana, endelea kuzungumza naye.

Swali la pili ni chombo. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki soda inakula aluminiamu: inachemka yenyewe, inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na sabuni inatoka na rangi ya kijivujivu. Mche wa mawese wenye ukijivu ndani, ambao haukutiwa majivu wala udongo, umepikwa kwenye sufuria isiyofaa. Ndoo ngumu ya plastiki, chombo cha chuma kisichopata kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka ndivyo vinavyofaa. Na soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, nje penye upepo. Ukimimina maji juu ya soda yanachemka ghafla na kurukia macho.

Kwa nini mise kidogo tu? Mawese yana asidi ya palmitiki karibu asilimia 44, na hiyo ndiyo inayofanya mche uwe mgumu na udumu bafuni, lakini povu lake ni dogo na zito. Mise, yaani mafuta ya kokwa la ndani, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Hiyo inatoa povu kubwa la haraka na inasafisha kwa nguvu kiasi cha kuondoa hata mafuta ya ngozi yenyewe. Mche wa mise tupu ukinawia uso, baada ya dakika tano ngozi inakaza na kupauka. Kwenye sufuria yenye masizi hiyo ni sifa. Shavuni si sifa.

Kigoma, hata hivyo, mise haikwepeki kabisa, na sababu ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi, hasa magnesi, na pH yake, kipimo cha uasidi na ualkali, inakaribia 9. Sabuni ya mawese tupu ikikutana nayo inaganda na kuacha utando mweupe kwenye beseni, na povu halikai. Sabuni yenye lauriki inavumilia maji ya namna hiyo, ndiyo maana sabuni ya nazi, iliyo ndugu ya mise, ilijulikana kwa mabaharia: inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Mise ya asilimia 25 inatosha kwa maji ya ziwani. Ikivuka 35, mafuta ya alizeti au asilimia ya mafuta yasiyogeuka sabuni inabidi iongezwe ili ngozi isikauke. Anayeogea maji ya mvua anaweza kutumia mche wa mawese karibu mtupu bila tatizo.

Tuseme kidogo kuhusu rangi, maana hapa ndipo mnunuzi anapodanganyika kirahisi. Wapo wanaochoma mawese kwenye pipa hadi yapoteze wekundu, ili sabuni iwe nyeupe "kama ya dukani". Kazi hiyo inahitaji joto la kufikia nyuzi 200 na zaidi, inateketeza kuni, inatoa moshi mkali kwa anayesimama pale, na pipa likizidi joto linawaka. Mwisho wake karotini yote imekwisha na hakuna kilichoongezeka kwenye ngozi. Kati ya mche mweupe na wa chungwa, wa chungwa ndio rafiki wa msitu. Kuujua kama umetiwa rangi ya dukani, acha kipande juani siku kadhaa. Rangi ya mawese inapauka, rangi ya kutia mara nyingi hubaki palepale. Taulo jeupe litapata unjano mwanzoni. Tumia la rangi nyingine.

Umri wa mche ni jambo ambalo wauzaji hulipuuza na wanunuzi hawaliulizi. Sabuni iliyopikwa bila moto mwingi inakuwa sabuni ndani ya siku mbili, lakini bado imejaa maji. Ikikaa kwenye rafu yenye hewa wiki nne hadi sita inapungua uzito, inakuwa ngumu, na ukali wake unatulia. Mche mbichi unayeyuka kwenye kisahani kwa siku chache na mnunuzi anadhani sabuni ya kienyeji haidumu. Kumbe amenunua maji. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukiacha alama, haujakauka. Kama huna pa kupata mkavu, nunua huo, uuweke juu ya kabati bila kuufunga, urudi kwake baada ya mwezi.

Kipimo cha mwisho cha usalama kinafanyika nyumbani. Kwangua gramu 1 ya sabuni, iyeyushe kwenye mililita 100 za maji ya mvua au ya chupa, chovya karatasi ya kupimia pH. Kati ya 9 na 10 ni kawaida kwa sabuni halisi; hakuna sabuni ya kostiki soda yenye pH ya 5.5, anayekuambia hivyo anauza kitu kingine au hajapima. Ikifika 11, ni ya kufulia, na uvae glavu. Bila karatasi, lowesha kidole, sugua kwenye mche, gusisha ncha ya ulimi kidogo sana: sabuni iliyoiva ina ladha ya sabuni tu, yenye magadi inapiga ulimi kama betri ya redio. Ukipigwa, suuza kwa maji mengi.

Madoa ya rangi ya kutu yenye harufu ya mafuta ya zamani ni kuchacha. Yanakuja mafuta yakihifadhiwa kwenye pipa lenye kutu, kwa sababu chuma kinaharakisha kuchacha, au alizeti ikizidi kwenye mchanganyiko. Mche wa namna hiyo haudhuru sana, ila unanuka, na taulo litanuka pia. Usiulipie bei ya mzuri.

Msitu uko wapi kwenye mche huu

Watu waliosoma kuhusu misitu iliyofyekwa Indonesia na Malaysia huogopa neno mawese lenyewe. Mashaka yao ni ya haki, na jumuiya ya kimataifa ya RSPO, inayothibitisha mawese yasiyoharibu misitu, iliundwa mwaka 2004 kwa sababu hiyohiyo. Lakini michikichi ya Kigoma kwa sehemu kubwa ni ya wakulima wadogo, imesimama katikati ya mihogo, maharage na migomba, na mingi ni ya zamani. Sabuni yao haitakuwa na nembo ya RSPO, na kukosa nembo kusihesabiwe kosa. Kwa upande mwingine, sabuni nyingi za viwandani zenye kifungashio cha kijani na picha ya jani nazo zimetengenezwa kwa mawese. Tafuta kwenye orodha ya viungo neno lenye "palm" ndani yake. Mawese hayo yamevuka bahari, kisha yamesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli au lori kufika mkoa unaokamua mawese yake wenyewe.

Hii haina maana kwamba mawese yetu hayana doa. Madoa makubwa ni mawili. La kwanza ni kuni. Machikichi huchemshwa kabla ya kukamuliwa, na jiko la mafiga matatu linakula miyombo bila huruma. Vilima vya nje ya Hifadhi ya Gombe vilivyobaki vipara vinajulikana, na mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianzishwa mwaka 1994 kwa sababu ya hali hiyo. Dawa ipo palepale kwenye kikamulio: makapi yaliyokamuliwa na maganda magumu ya kokwa yanawaka vizuri sana, na jiko lililojengewa ukuta linatumia hayo badala ya gogo. Muulize muuzaji mawese yake yamechemshwa kwa nini. La pili ni maji ya kikamulio. Maji ya kahawia yanayobaki baada ya kuengua mawese yakimwagwa kijitoni yanaoza na kumaliza hewa ya samaki. Yanapaswa kwenda kwenye shimo, au kwenye mboji pamoja na mikungu mitupu.

Mbegu nayo inahusika. Michikichi mingi ya zamani ni dura, yenye kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Tenera, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche yake tangu kampeni iliyosimamiwa na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, kuanzia mwaka 2018, ina nyama nyingi na mafuta mengi zaidi kwa eka. Mafuta mengi kwenye shamba lilelile ni sababu moja pungufu ya kupanda mlima na shoka. Anayependa mise, hata hivyo, ajue kuwa ganda na kokwa vinapungua kwenye tenera, hivyo mise haitakuwa ya kumwaga kama zamani.

Halafu kuna mikono. Kokwa za mise hupasuliwa moja moja kwa jiwe, kazi ya kina mama zaidi, na hapa ndipo haki inapopotea kimyakimya. Mnunuzi wa kokwa anayekuja na debe lililobonyea au gunia la lumbesa anachukua kilo ambazo hakulipia. Kikundi cha sabuni kinachonunua kokwa kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa, kinastahili kuungwa mkono hata mche wake ukiwa ghali kidogo. Na ukiona watoto wamekaa kwenye rundo la kokwa saa za shule, hilo ni jibu tosha kuhusu bidhaa hiyo.

Mafuta ya mise ya kupaka

Yapo ya aina mbili na muuzaji mara nyingi hazitenganishi. Yale meusi yanatokana na kokwa zilizokaangwa sana kabla ya kukamuliwa. Yananuka kama kahawa iliyoungua na harufu haitoki kwenye shuka. Yale ya kahawia hafifu au ya manjano yamekamuliwa kwa mashine kokwa zikiwa zimekaushwa au kupashwa moto kidogo. Chukua ya pili. Meusi hayana dhambi, lakini kukaanga kupita kiasi kunaunguza sehemu ya mafuta na kunakula kuni bure.

Mise inaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hadi 28 hivi. Asubuhi za Juni na Julai, Tabora hasa, chupa itakuwa kama samli. Haijaharibika, iweke juani au kwenye maji ya uvuguvugu. Tabia hiyohiyo ndiyo kipimo chake: weka chupa kwenye friji usiku mmoja. Mise safi inaganda yote, ngumu. Ikibaki rojorojo au mafuta yakaelea juu, imeongezwa alizeti au mafuta mengine mepesi.

Kwa ngozi kavu ya miguu na viwiko, matone machache mwili ukiwa bado na unyevu baada ya kuoga yanatosha kabisa. Ukipaka ngozi kavu inang'aa tu juu juu na nguo zinalowa. Kwenye nywele, paka dakika thelathini kabla ya kuosha, kisha osha. Usiyaache kichwani kama una mba: fangasi wanaoleta mba hula asidi za mafuta kuanzia zenye kaboni 11 hadi 24, na lauriki ina 12. Unakuwa umewaandalia chakula.

Nta ya Tabora

Tabora ina nta nzuri kwa sababu ina miyombo, na maua ya miyombo ndiyo malisho ya nyuki. Nta inayonunuliwa kwa bei ya haki ni sababu ya mti kubaki umesimama, kwenye mkoa ambao kukausha tumbaku kumekula kuni kwa miaka mingi. Ila hata hapa uliza swali moja: mzinga gani? Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuuvua mti gome lake kuuzunguka shina, na mti uliovuliwa hivyo unakufa. Mzinga mmoja, mti mmoja. Mizinga ya mbao inakaa miaka mingi na haidai mti mpya kila mara. Wakufunzi wa Chuo cha Nyuki pale Tabora wamefundisha hilo kwa vizazi, pamoja na kurina kwa bomba la moshi badala ya mwenge wa moto unaounguza kundi zima.

Uchakachuaji wa nta ni wa mshumaa. Mafuta magumu ya petroli yanayotengenezea mishumaa, parafini, yanachanganywa na nta na macho hayaoni kirahisi. Vunja kipande: nta halisi inavunjika ikionyesha chembechembe kama sukari guru, parafini inakatika laini na kuteleza vidoleni. Kipashe kiganjani dakika chache: nta inalainika na kufinyangika, ikinukia asali. Ikikaa miezi, nta halisi inaota ukungu mweupe juu yake unaopotea ikipashwa moto. Wengi huikataa kwa kudhani imeoza, kumbe hiyo ni dalili njema.

Mafuta mgando mazuri yana uwiano wa mafuta gramu 200 kwa nta gramu 40 hadi 50. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo inayeyushwa ndani ya bakuli lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja, kwa kuwa ikizidi joto inakuwa nyeusi na inaweza kuwaka. Kwa midomo ongeza nta kufikia gramu 60. Kopo la muuzaji likiyeyuka mchana wa Oktoba hapa Kigoma lina nta kidogo mno. Likiwa gumu hadi unakwangua kwa kucha, nta imezidi. Hakuna maji ndani yake, hivyo halihitaji dawa ya kuzuia kuoza, lakini usichovye kidole chenye maji. Kopo la bati au la kioo lililorudishwa kwa muuzaji likajazwa tena ndilo kopo zuri kuliko yote, na baadhi yao wanakubali ukiomba.

Yenye lebo, na yasiyo na lebo

Tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Alama ya TBS kwenye sabuni ya kikundi kidogo ni jambo zito, maana maabara imeipima, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia vikundi kuifikia. Msimbo wa mistari unaoanza na 620 unaonyesha kampuni imesajili msimbo wake Tanzania, basi. Hauthibitishi malighafi imetoka wapi. Nembo ya sungura anayeruka, Leaping Bunny, inahusu majaribio kwa wanyama. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013. Sabuni ya mama wa Ujiji haijawahi kujaribiwa kwa sungura yeyote, hata bila nembo. Maneno "asili asilimia 100" hayana mlinzi. Zebaki nayo ni ya asili.

Na zebaki ndiyo sababu ya kusema kwa nguvu kuhusu krimu na sabuni za kung'arisha. Kigoma ni mji wa mpakani, na vikopo visivyo na jina la mtengenezaji vinapatikana. Shirika la Afya Duniani limeeleza dalili ambayo kila mnunuzi aijue: lebo inayokuonya usiguse dhahabu, fedha, aluminiamu au vito wakati wa kupaka. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki inashikana na metali hizo. Maneno yanayoanza na "mercur", neno "calomel" au herufi Hg ni kitu hichohicho. Inaumiza figo, na mtoto anayebebwa na mama aliyepaka anaipata pia. Krimu nyingine zina haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, ambazo zinafanya ngozi iwe nyembamba hadi michirizi inatokea mapajani na haiondoki. Mkorogo wa kuchanganyiwa saluni ni mbaya zaidi, kwa sababu hata anayechanganya hajui kiasi.

Zebaki inayooshwa bafuni haipotei. Inaingia majini, vijidudu vinaigeuza kuwa aina inayopenya kwenye samaki, na samaki wakubwa wanakusanya ya wadogo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake yanabadilika taratibu mno. Kinachoingia humu kinakaa humu, pamoja na dagaa na migebuka ya mezani kwetu.

Vitu vidogo viwili. Dodoki lililooteshwa uani ni bora kuliko wavu wa plastiki unaomomonyoka na kuacha nyuzi majini. Likamue, litundike penye upepo, libadilishe kila wiki nne hadi sita, na la zamani litupe kwenye mboji. Liwa, unga wa msandali wa kujipaka, kwa wanaoipenda hapa Ujiji, iulizie mti wake. Msandali wa Afrika Mashariki umewekwa chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwaka 2013 kwa kuwa unakatwa hadi kung'olewa mizizi, na muuzaji asiyejua unga wake umetoka wapi muache nao.

Sabuni ya mawese inaoza vizuri kwenye udongo, lakini si ruhusa ya kuogea ufukweni. Mapovu kwenye maji ya kina kifupi yanadhuru samaki wachanga wanaojificha kwenye mawe palepale watu wanapoogea. Oga kwa ndoo mbali na maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kwa shughuli za kudumu, na umbali huo unafaa hata kwa beseni la maji ya kuoga. Mwaga kwenye mchanga au kwenye migomba, kila siku mahali tofauti, kwa sababu sodiamu ya sabuni ikirundikana sehemu moja inakaza udongo.

Mche wenyewe ukate vipande vitatu na utoe kimoja tu bafuni. Kiweke juu ya kipande cha mwanzi au kisahani chenye matundu ili maji yashuke. Vingine vifunge kwa karatasi ya kaki au jani kavu la mgomba, si gazeti linaloacha wino, wala mfuko wa nailoni unaofanya mche utoke jasho.